Kabla ya Kufuta Chochote



Wengi wenu mnaifahamu kompyuta iliyomo katika chumba chetu cha mikutano hapa Bel-Air, ile ya mezani yenye sanduku la kijivu. Wasiofahamu ni wengi zaidi kwamba tulikaribia kuiharibu, na kwamba pamoja nayo tulikaribia kuipoteza kazi ya miezi mingi ya mwenzenu mmoja. Jambo hilo tumelinyamazia kwa majuma kadhaa, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa letu sisi tunaoandika, wala si la vijana. Sasa tunalieleza, kwa kuwa tumesikia kwamba vikundi vingine vya Kampemba, na hata vya upande wa Kenya, vinataka kufanya kama tulivyofanya.

Kompyuta ile ilitolewa na ofisi moja iliyonunua mpya. Ilikuwa na Windows 10, nayo kampuni ya Microsoft ilikwisha kutangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 ingeacha kuitunza bure. Windows 11 haikukubali kuingia: inadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine za umri ule hazina. Basi vijana wawili walikuja kwetu wakasema, «Papa, tuweke Linux.» Tukawauliza ni kitu gani, nao wakatufundisha, nasi tulipenda kufundishwa. Walisema kwamba mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta, akawapa watu wengine ruhusa ya kukisoma, kukirekebisha na kukigawa. Na kwamba tangu hapo maelfu ya mikono imekijenga. Aina waliyoichagua ni Linux Mint, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mfaransa Clément Lefebvre, ambayo nayo imejengwa juu ya nyingine inayoitwa Ubuntu. Jina hilo halikuhitaji mkalimani: Waluba wa nyumbani kwetu husema bumuntu, na Kiswahili husema utu.

Faili lenyewe lina uzito wa karibu gigabaiti tatu. Vijana walichanga fedha za intaneti, wakalipakua usiku kwa simu, wakahakiki kwamba limefika zima, kisha wakaliandika kwenye flashi. Kazi yao ilikuwa safi. Sisi ndio tuliokuja kuichafua.

Katika kompyuta ile binti mmoja wa kikundi, mwanafunzi wa ualimu, alikuwa akiandika kazi yake ya kumaliza masomo, ile tunayoiita TFC. Nyumbani kwao hakuna kompyuta. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri alikuja, akaandika kurasa mbili tatu, akazihifadhi mle mle. Siku tulipotaka kuanza alituuliza kwa adabu kama asinakili kwanza faili zake. Flashi iliyokuwapo ilikuwa moja tu, nayo ilishika Linux. Tukamjibu, «Usiogope, mwanangu. Tunaiweka kando ya Windows, si mahali pake.» Kwa zaidi ya miaka 20 tumewaambia walimu wanafunzi kwamba asiyeandaa somo haingii darasani, na siku hiyo tuliingia bila maandalio, tukiwa na sauti ya mtu ajuaye.

Hatua za mwanzo zilikwenda vema. Programu ya kusimika iliipunguza sehemu ya Windows kwenye diski ili kuipatia Linux nafasi, ikaanza kunakili. Tulikuwa tukizungumza habari nyingine kabisa wakati umeme ulipokatika. Bel-Air nzima ilinyamaza, isipokuwa jenereta moja ya mbali iliyoanza kukohoa. Hakuna aliyeshangaa, hapa kwetu mtu hushangaa umeme unapokaa siku nzima.

Ulirudi baada ya saa tatu. Tukabonyeza kitufe. Kioo kilibaki cheusi, na juu kushoto palikuwa na neno moja tu dogo, grub, likifuatiwa na alama na kijistari kinachopepesa. Hapakuwa na Windows wala Linux. Binti yule alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakusema kitu, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko lawama.

Kesho yake tulimleta fundi mmoja anayetengeneza simu na kompyuta barabarani. Alitazama muda mfupi, akasema diski imekufa au karibu kufa, kwamba dawa ni kufuta yote na kuweka Windows upya, akataja na bei. Tungeweza kukubali. Tulikuwa na aibu, na mwenye aibu hupenda jambo limalizike upesi. Aliyetuzuia ni kijana mmoja katika wale wawili, mwenye tabia ya kuuliza maswali yanayochosha. Aliuliza: «Kama diski imekufa, neno hili grub limetoka wapi?»

Swali hilo ndilo tunalotaka mlishike, maana kila kilichofuata kilitoka humo. Kompyuta inapowashwa haiamki kwa mara moja. Kwanza huamka programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama wake. Katika mashine za siku hizi huitwa UEFI, na katika zile za zamani BIOS. Hiyo hukagua vifaa, kisha hutafuta kwenye diski sehemu ndogo ya megabaiti mia chache tu, ambayo ndani yake kila mfumo umeweka kabrasha lake na programu yake ya kuanzishia. Programu ya kuanzishia ya Linux ndiyo GRUB. Nayo husoma orodha yake, hukionyesha kiini cha Linux mahali kilipo, na kukikabidhi mashine. Kiini kikishaamka huziamsha kadi na vifaa, na mwisho kabisa huja picha kwenye kioo. Ni kama mbio za kupokezana kijiti. Kijiti kikianguka, mkimbiaji wa kwanza na wa pili hawana kosa; lazima ujue kilianguka mikononi mwa nani.

Kwetu kilianguka kwa GRUB. Umeme ulikatika baada ya programu hiyo kuwekwa lakini kabla ya orodha yake kuandikwa, na kwa hiyo iliamka, haikuona orodha, ikasimama ikingoja kuambiwa la kufanya. Neno lile kwenye kioo lilikuwa ni kuuliza tu. Diski iliyokufa haiulizi.

Tena, katika UEFI kabrasha la Windows na kabrasha la Linux hukaa sehemu ileile lakini moja halifuti jingine. Karibu kila mashine ina kitufe cha kuita orodha ya mahali pa kuanzia. Katika nyingine ni F12, katika nyingine F9 au Esc, kila mtengenezaji na desturi yake. Kijana akakibonyeza mara nyingi mfululizo wakati wa kuwasha, orodha ikatokea, na mstari mmoja ulisomeka Windows Boot Manager. Akauchagua. Windows ilifunguka kana kwamba hakuna lililotokea, na TFC ilikuwamo.

Binti aliketi, akaifungua, akaisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kumjali mtu. Kisha akatoa mfukoni flashi aliyoiazima kwa dada yake, akanakili faili zake zote, akaichomoa, akairudisha mfukoni. Ndipo alipotuambia, «Sasa mnaweza kuendelea, Papa.»

Tuseme ukweli mmoja unaotutia baridi mpaka leo. Umeme ungekatika mapema zaidi, wakati sehemu ya Windows ilipokuwa ikipunguzwa na data zake zikihamishwa, kitufe chochote kisingetusaidia. Tuliokolewa na dakika chache, si na ujuzi. Tangu siku hiyo kanuni ya chumba chetu ni kwamba nakala ya akiba hutangulia, tena hukaa nje ya mashine. Na kazi ya kusimika haianzi bila betri kubwa pamoja na kile chombo cha kugeuza umeme wake, ambavyo jirani mwema hutuazima. Mwenye kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ana nafuu.

Tulirudia kusimika, tukaielekeza programu kwenye sehemu ileile ya Linux iliyobaki nusu, bila kugusa nyingine. Safari hii ilifika mwisho. Tulipowasha, orodha ya GRUB ilionekana, yenye Linux juu na Windows chini. Vijana walipiga makofi. Tukachagua Linux, Enter, na kioo kikawa cheusi tena.

Weusi huu haukuwa ule wa kwanza, ingawa jicho haliwezi kuutofautisha. Hapakuwa na neno wala kijistari. Kijana wa maswali alibonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi: taa yake ndogo ikawaka. Akabonyeza tena, ikazimika. «Papa, inajibu. Moyo unapiga.» Maana yake kiini kilikuwa kimeamka na kinafanya kazi gizani, kilichokosekana ni picha tu. Tukakumbuka kwamba hata siku ya kwanza, tulipoianzisha mashine kutoka kwenye flashi, mstari wa kwanza wa orodha ulitupa kioo cheusi, nasi tukachagua mstari wa kuanza kwa hali ya upatanifu, bila kujiuliza kwa nini.

Sababu ni kadi ya picha. Iliyomo ni ya Nvidia, na kiendeshi huria cha kadi hizo, ambacho kiini hukiamsha chenyewe, hakielewani na kila kadi. Kiini hujaribu kupanga ukubwa wa picha mapema kabisa, kadi haikubali, kioo kinazimika. Dawa ya kuvukia inajulikana: kukiambia kiini kisijaribu, kitumie picha ile rahisi ya mwanzo. Mtu husimama kwenye mstari wa Linux katika orodha ya GRUB, hubonyeza herufi e, hutafuta mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni mwake, mahali palipoandikwa quiet splash, huandika nomodeset. Kisha F10, na mashine huendelea. Badiliko hilo ni la safari ile moja tu, ukizima, limesahauliwa. Hilo ni jema, kwani ukikosea hukuharibu kitu.

Vijana walikuwa wameinakili dawa hiyo kwenye karatasi. Wakaiandika. Kioo cheusi. Wakairudia, wakihesabu herufi kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Cheusi. Mara ya tatu aliandika mwingine. Cheusi. Jioni ilikuwa inaingia, mvua ilikuwa imeanza, na sisi tulikwisha kusema kwamba dawa hiyo haifai kwa kadi yetu na kwamba pengine fundi yule alikuwa na haki. Mmoja alipendekeza tufute yote, Linux na Windows, tuanze upya na aina nyingine. Hakuna aliyempinga, kwa sababu TFC ilikuwa salama mfukoni na hatukuwa tena na la kupoteza. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba hata asiye na la kupoteza anaweza kufanya upumbavu.

Binti alikuwa amekaa pembeni akisubiri mvua ipungue. Mtu aliyetoka kusahihisha kurasa 60 za kazi yake mwenyewe ana jicho ambalo wengine hawana. Alisogea, akatazama kioo badala ya vidole vya mwandishi, akasema: «Pale pana nukta mkato.»

Kweli. Kioo kilisomeka no;odeset.

Kibodi yetu, kama karibu zote za Lubumbashi, ni ya mpangilio wa AZERTY, tuliorithi pamoja na mashine za kupiga chapa za Wabelgiji na Wafaransa. Lakini GRUB huamka kabla ya mfumo wowote kuieleza ni kibodi gani imeunganishwa, na kwa kawaida huchukulia ni QWERTY ya Kimarekani. Herufi iliyochorwa juu ya kitufe na herufi inayofika kwenye mashine si moja. A na Q zimebadilishana, Z na W zimebadilishana, na M ya AZERTY, iliyo upande wa kulia wa L, huwa nukta mkato. Ukiitaka m, bonyeza kitufe cha mkato kilicho baada ya N. Na kiini cha Linux kina adabu ya ajabu: kikikuta neno kisilolijua katika mstari ule, hakilalamiki, hulipita tu. Kwa hiyo mara tatu tulimpa mgonjwa maji matupu, kisha tukasema dawa haina nguvu.

Waandishi wengi wa miongozo hukaa mahali ambapo kibodi na mashine vinasema lugha moja, ndiyo maana jambo hili hulikuti katika kurasa zao. Hatuwalaumu. Lakini ninyi mnaosoma Kongo, andikeni hili pembezoni mwa kila mwongozo.

Binti mwenyewe ndiye aliyeandika mara ya nne. Kioo kilitulia kidogo, kisha ikatokea picha ya Mint, yenye herufi kubwa mno na rangi hafifu, maana nomodeset ni mkongojo wa kukufikisha tu. Tukaunganisha simu kwa waya ili kupata intaneti, tukafungua programu ya kusimamia viendeshi, nayo ikapendekeza kiendeshi cha Nvidia chenyewe. Vocha ya mtu iliisha hapo hapo. Hatutaji jina lake, anajulikana, na tumemrudishia.

Palikuwa na mtego mmoja zaidi, nao tuliuona kabla hatujaukanyaga. Mashine yetu ina ulinzi uitwao Secure Boot, unaokataa kila kipande cha programu kisicho na sahihi inayojulikana. Kiendeshi cha nje kinapowekwa, mfumo huomba neno la siri la kutumika mara moja, la herufi 8 angalau. Ukiwasha upya hutokea kioo cha buluu kinachokuuliza neno hilo ili sahihi mpya ipokelewe. Na kioo hicho cha buluu, kama GRUB, hakijui AZERTY. Mtu aliyechagua neno lenye a au m, au tarakimu, huliandika sawasawa na hukataliwa, asijue kwa nini. Basi tulikaa, mwalimu na vijana, tukitafuta neno la Kiswahili la herufi nane lisilo na a, q, z, w wala m. Si rahisi, lugha yetu inapenda a. Aliyelipata alikuwa mdogo kuliko wote, wa miaka 14. Neno lilikuwa subirini.

Lilikubaliwa mara ya kwanza. Mashine iliamka, kioo kikajaa chote, herufi zikawa kali kama za kitabu kipya.

TFC sasa huandikwa katika LibreOffice, ndani ya Linux. Hiyo ni ndugu ya OpenOffice, ile ambayo mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wao wa KiLinux, waliitolea toleo la Kiswahili wakaliita Jambo. Yetu bado iko kwa Kifaransa kwa sababu ya maprofesa watakaoisoma kazi hiyo. Windows tuliiacha mahali pake, nayo hufunguliwa mara chache. Binti hunakili faili zake kila anapomaliza, hata akiandika aya moja tu, na hatuthubutu kumwambia asiogope.

Kwenye ukuta, juu ya kompyuta, vijana wamebandika kipande cha katoni walichochora kibodi yetu kwa wino mweusi, na juu ya vitufe vinavyodanganya wameandika kwa wino mwekundu herufi halisi. Jumapili iliyopita alikuja kijana wa kikundi kingine, ameifunga kompyuta yake ya mkononi ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, uso umemparama. Alisema ameweka Linux, kioo kimekuwa cheusi, fundi amemwambia diski imekufa, na Jumatatu ataipeleka ikafutwe. Yule mdogo wa miaka 14 hakumjibu. Alifuta maji mezani kwa mkono wa shati lake, akaiweka ile kompyuta, akaiwasha, akangoja kidogo, kisha akabonyeza kitufe cha herufi kubwa.